Profesa Smith na Tangazo la Lugha Tatu

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu za bara kwamba bahari ni jambo la watu wa Pwani. Mwanafunzi wa Kibera au wa Kawangware hufundishwa habari za bahari kama afundishwavyo habari za theluji ya Ulaya: ni jambo la kujibia mtihani, kisha la kusahauliwa. Dhana hiyo ina madhara, na njia niliyoiona kuwa bora ya kuiondoa ni kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki miaka mingi iliyopita. Hakuwa Mkenya, wala hakusomea elimu ya bahari, lakini jina lake haliwezi kutenganishwa na bahari yetu. Mtu huyo ni James Leonard Brierley Smith, profesa wa Afrika Kusini aliyeutangazia ulimwengu habari za samaki aitwaye silikanti.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema kuhusu samaki. Jawabu langu ni kwamba kisa cha Smith, ukikipekua vizuri, ni kisa cha lugha. Alimtafuta samaki mmoja kwa miaka 14, ilhali wakati wote huo walikuwako wavuvi waliomjua samaki huyo na waliokuwa na jina la kumwita. Kilichomtenga mtafutaji na wajuzi hao hakikuwa kina cha bahari peke yake. Kilikuwa pia ukosefu wa lugha ya kuulizana.

Kabla sijaingia katika maisha yake, hebu tuyafuate maji. Maji ya Kibera hushuka hadi Bwawa la Nairobi na Mto Ngong. Maji ya Kawangware nayo huteremka kwa mifereji na vijito kuelekea Mto Nairobi. Mito hiyo miwili huungana mashariki mwa jiji, kisha huingia Mto Athi. Athi, ukishaupokea Mto Tsavo, hubadili jina ukawa Galana, na ukaribiapo pwani huitwa Sabaki, hadi unapomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Mto huo wenye majina matatu una urefu wa takriban kilomita 390. Sisi wanaisimu tunalijua jina la Sabaki kwa sababu nyingine pia. Wataalamu wa historia ya lugha wameliteua liwe jina la kundi la lugha za Kibantu ambalo ndani yake mna Kiswahili, lugha za Komoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kiilwana. Namwomba msomaji ayakumbuke mambo hayo mawili, mto na kundi la lugha, maana yote mawili yanakutana katika kisa hiki.

Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 katika mji mdogo wa Graaff-Reinet, ulioko katika nyanda kame za Karoo. Naye basi alikuwa mtoto wa bara. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta angali kijana. Aliingia jeshini, akaletwa kupigana katika Afrika Mashariki iliyokuwa chini ya Wajerumani. Huko malaria na maradhi mengine yalimwandama kwa ukali hivi kwamba hakuwahi tena kuwa na siha kamili maishani mwake. Inafaa kukumbuka kwamba katika vita hivyohivyo walipigana pia askari Wanubi wa jeshi la KAR, ambao jamaa zao ndio waliotangulia kujenga Kibera ilipokuwa bado msitu. Jina lenyewe la mtaa huo limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu au mwitu. Watu hao hawakujuana na Smith, lakini vita vilivyomdhoofisha yeye ndivyo vilivyowarudisha wao Kibera.

Baada ya vita alisomea kemia. Alipata shahada yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922, kisha akarejea kwao kufundisha kemia katika chuo cha Rhodes, mjini Grahamstown. Laiti angaliridhika na kazi hiyo, labda leo asingalijulikana nje ya mji huo. Lakini alikuwa na mapenzi makubwa ya kuvua samaki kwa ndoana, na kila alipovua aliudhika kwa kukosa kitabu cha kumwambia samaki yule ni nani. Akajifundisha mwenyewe. Alihesabu magamba na miiba ya mapezi, akalinganisha samaki mmoja na mwingine, akaandikiana barua na makumbusho madogo ya pwani ili wamtumie samaki waliowashinda kuwatambua. Kufikia miaka ya 1930 mwalimu huyo wa kemia alikuwa ameanza kuchapisha makala za kisayansi kuhusu samaki. Nawasisitizia wanafunzi jambo hili. Elimu iliyompa Smith sifa ni ile aliyoitafuta baada ya saa za kazi, bila ya kuamrishwa na mtu.

Mojawapo ya makumbusho hayo madogo lilikuwa katika mji wa East London. Msimamizi wake alikuwa mwanamke kijana, Marjorie Courtenay-Latimer. Tarehe 22 Disemba 1938 aliitwa bandarini kuwatazama samaki walioletwa na meli ya kukokota nyavu iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen. Chini ya fungu la samaki aliona pezi la rangi ya buluu. Akamtoa samaki mzito wa kilo 57, mwenye urefu wa mita moja u nusu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyoshikwa na vikonyo vya nyama mfano wa vijiguu. Hakumjua, lakini alijua kwamba hamjui, na huo ndio mwanzo wa elimu yoyote. Alimchora, akampelekea Smith barua pamoja na mchoro ule.

Smith alikuwa Knysna kwa likizo, na barua ilimfikia tarehe 3 Januari 1939. Alipouona mchoro alitambua jambo ambalo hakuthubutu kulitamka kwa sauti. Samaki wa namna ile alikuwa akijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na wanasayansi wote waliamini kwamba kizazi chake kilitoweka pamoja na dinosau yapata miaka milioni 66 iliyopita. Ilikuwa kama kwamba mtu wa kale aliyesomwa katika vitabu vya historia amebisha hodi mlangoni. Smith alifika East London tarehe 16 Februari akathibitisha. Mwaka huo huo alimpa samaki jina la kisayansi, Latimeria chalumnae. Sehemu ya kwanza ilimheshimu Bi. Courtenay-Latimer. Sehemu ya pili ilitokana na Mto Chalumna, kwa kuwa meli ile ilikuwa ikivua karibu na mahali mto huo unapoingia baharini.

Furaha hiyo ilikuwa na dosari. Wakati wa joto la Disemba hapakupatikana chombo wala dawa ya kutosha kumhifadhi samaki mzima, hivyo matumbo yake yalikuwa yamekwisha kutupwa na ngozi kukaushwa. Smith alikuwa na nyumba isiyo na wenyewe ndani. Ili aelewe jinsi silikanti anavyoishi, ilimlazimu ampate wa pili aliye kamili. Hapo ndipo ilipoanza safari ya miaka 14.

Vita Vikuu vya Pili vilimchelewesha. Vilipokwisha aliiacha kemia moja kwa moja, akajitolea kwa samaki. Mkewe Margaret, aliyefunga naye ndoa mwaka 1938, alikuwa mwenzi wake katika kila jambo: aliwachora samaki, alisimamia safari, alihariri vitabu. Mwaka 1949 walitoa kitabu kikubwa kuhusu samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika. Walisafiri pwani ya Msumbiji, wakafika Kenya, Pemba na Unguja. Smith aliamini kwamba silikanti wa East London alikuwa mgeni aliyechukuliwa na mkondo wa maji, na kwamba maskani yake yalikuwa kaskazini, katika bahari ya joto ya Afrika Mashariki.

Ili apate msaada, alichapisha tangazo. Lilikuwa na picha ya silikanti wa kwanza, na liliahidi zawadi ya pauni 100 za Uingereza, kitita kikubwa kwa mvuvi yeyote wa wakati huo. Lilimtaka atakayempata samaki huyo asimkate wala asimsafishe, bali ampeleke mzima mahali penye barafu au kwa mtu mwenye mamlaka. Tangazo hilo lilisambazwa huku na huku katika pwani ya Afrika Mashariki. Liliandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Lugha hizo tatu zilikuwa lugha za ofisi za serikali za kikoloni. Wavuvi waliokuwa wakishusha mishipi yao usiku katika kina kirefu hawakuwa wakizungumza Kiingereza, Kifaransa wala Kireno ndani ya ngalawa. Kutoka Lamu hadi kaskazini mwa Msumbiji, Kiswahili kilitosha kumfikia karibu kila mvuvi, na kule Komoro ilizungumzwa ndugu yake wa toka nitoke. Picha waliweza kuiona. Lakini sharti lililobeba uzito wote, yaani samaki asikatwe, lilikuwa katika maneno ambayo wengi wao hawangeweza kuyasoma. Waswahili wana msemo kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kiswahili hakikuwapo katika karatasi ile, na lake halikuwapo.

Kumbe watu wa Komoro walimfahamu silikanti. Walimwita gombessa. Hawakumthamini sana, kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi na si tamu, lakini alipata kunasa katika mishipi yao mara kwa mara. Imesimuliwa tangu siku hizo kwamba magamba yake makavu yalitumiwa kukwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kuiziba. Fundi wa baiskeli wa Kawangware atalielewa jambo hilo upesi kuliko profesa. Kile ambacho vitabu vya Ulaya vilikiita kisukuku kilichofufuka, kwa mtu wa Komoro kilikuwa kitu chenye jina, sifa, na huenda hata matumizi.

Mwaka 1952 Smith na mkewe walikutana Unguja na nahodha Mwingereza, Eric Hunt, mfanyabiashara aliyekuwa akienda na kurudi baina ya Zanzibar na Komoro. Jahazi lake aliliita Nduwaro, jina la Kiswahili la samaki mwenye mdomo mrefu kama upanga. Hunt alichukua matangazo kadhaa, akayapeleka Komoro na kuyagawa. Usiku wa tarehe 20 Disemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah, akitumia mshipi karibu na Domoni katika kisiwa cha Anjouan, alimvua samaki mkubwa. Asubuhi alimpeleka sokoni ili auzwe kama samaki yeyote.

Sokoni pale alikuwapo mwalimu wa shule, jina lake Affane Mohamed. Mwalimu huyo alikuwa amekwisha kuliona tangazo. Alimtambua samaki, akazuia asikatwe, akamweleza Ahamadi habari za zawadi. Samaki akabebwa kuvuka milima ya kisiwa kile katika joto kali hadi Mutsamudu, alikokuwa Hunt. Naye akamtia chumvi, kisha akatafuta dawa ya kumhifadhi na kumpelekea Smith habari kwa simu ya maandishi.

Walimu wenzangu, tafadhali tulitafakari tukio hilo. Tangazo la profesa lilikuwa na picha na fedha, likakaa miaka mingi bila ya kuzaa tunda. Lilizaa tunda siku lilipompata mtu aliyesimama baina ya lugha mbili: ile ya karatasi na ile ya soko. Kama mwalimu Affane asingalikwenda sokoni, au angalidhani kwamba mambo ya soko hayamhusu msomi, gombessa yule angaliishia vyunguni. Katika historia ya sayansi ya bahari ya Afrika sijui mchango wa mwalimu wa shule ulio bayana kuliko huo.

Smith alizipata habari akiwa melini katika bandari ya Durban, siku moja kabla ya Krismasi. Alihofu kwamba samaki angeoza. Aliwapigia simu wakubwa wote aliowajua, na hatimaye akamfikia waziri mkuu, D. F. Malan, ambaye zamani alikuwa kasisi na ambaye serikali yake ndiyo iliyokuwa ikijenga mfumo wa ubaguzi wa rangi. Malan alimpa ndege ya kijeshi. Tarehe 29 Disemba 1952 ndege hiyo ilitua katika kisiwa cha Mayotte, ambako jahazi la Hunt lilikuwa likingoja. Smith alipofunuliwa samaki na kuhakikisha kwamba ni silikanti kweli, hakuweza kujizuia, akalia.

Kisha likaja suala la jina. Samaki wa Anjouan alikosa pezi moja la mgongoni, na Smith akadhani kwamba ni jenasi nyingine kabisa. Akamwita Malania anjouanae, kwa heshima ya waziri mkuu aliyempa ndege. Baadaye ilidhihirika kwamba pezi lile lilikuwa limepotea tu, pengine kwa jeraha, na kwamba samaki ni yuleyule Latimeria. Jina la Malan likaondolewa katika matumizi ya sayansi, likabaki la msimamizi wa makumbusho. Jina la waziri mkuu halikudumu, na sidhani kwamba kuna wengi walilililia. Lakini wala katika jina la kwanza wala katika la pili hamna Ahamadi, hamna Affane, hamna gombessa.

Nilipokieleza kisa hiki mbele ya wanafunzi wa sekondari huko Kawangware, msichana mmoja aliuliza kwa nini aliyetoa ndege alipewa jina na aliyetoa samaki akakosa. Nilimjibu kwamba utoaji wa majina ni utoaji wa madaraka, na kwamba mwanasayansi, ajapokuwa mkweli katika kuhesabu magamba, huona watu kwa macho ya zama zake. Smith alikuwa mtu wa tabaka na taifa lake. Tusimfanye malaika.

Tena yako mengine ya kumlaumu. Katika kukusanya samaki kwa ajili ya utafiti alitumia baruti miambani, ili samaki wafe kwa wingi na kuelea. Wakati huo wataalamu wengine pia hawakuona ubaya wa kuua ili kujua. Leo tunafahamu kwamba tumbawe lililopasuliwa kwa dakika moja huhitaji miaka mingi kurejea, na ndugu zetu wa Tanzania wametaabika kwa miongo kadhaa kupambana na uvuvi wa baruti. Isitoshe, zawadi yake ilifungua soko. Baada ya mwaka 1952 makumbusho ya nchi za nje yalimtaka silikanti, na serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikitawala Komoro, iliwazuia watafiti wa kigeni ili ijiwekee utafiti huo. Samaki aliyenusurika mamilioni ya miaka kwa sababu ya kujificha akawa sasa anawindwa kwa sababu ya kujulikana.

Smith alieleza habari zote hizo katika kitabu cha mwaka 1956 kilichosomwa katika nchi nyingi. Aliendelea kuandika kwa bidii isiyo na kifani, akawapa majina ya kisayansi mamia ya samaki. Lakini mwili uliovunjwa na maradhi ya vita uliendelea kudhoofika. Tarehe 8 Januari 1968 alijitoa uhai mjini Grahamstown, akiwa na umri wa miaka 70. Margaret aliibeba kazi yao, akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa samaki iliyopewa jina la mumewe, na akaifanyia kazi hadi karibu na kifo chake mwaka 1987. Katika mwaka uleule wa 1968 ambao Smith alifariki, Kenya ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika.

Smith hakuwahi kumwona silikanti akiogelea. Heshima hiyo waliipata wengine. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo katika bahari ya Komoro, wakampiga picha akiwa hai, akielea taratibu na kuyasogeza mapezi yake kwa zamu kama mnyama anayetembea. Mwaka 2000 wazamiaji wa burudani waliojifunza kuzamia kina kirefu, wakiongozwa na Pieter Venter, waliwakuta silikanti katika korongo la Sodwana Bay, Afrika Kusini, kwenye kina cha mita 104. Huo ni mfano mzuri wa jinsi watu wanaozamia kwa mapenzi tu wanavyoweza kuisaidia sayansi. Ni onyo pia, kwa kuwa walipozamia tena mwaka huo huo ili kuwapiga picha silikanti hao, mmoja wao alifariki. Kwenye kina hicho hewa ya kawaida ya mtungi hugeuka sumu, na anayepanda juu kwa haraka huupoteza uhai wake.

Kisha ikafika zamu yetu. Mwezi wa Aprili 2001 meli ya kukokota nyavu ilimnasa silikanti katika bahari ya Malindi. Alikuwa na urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 77, na habari zake ziliandikwa na wataalamu wa samaki wa Makumbusho ya Taifa. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania walianza kuwanasa wengi katika majarife, nyavu za kina zinazotegewa papa, hasa katika bahari ya Tanga, hata serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga mwaka 2009. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti huweza kuishi karibu miaka 100, hukawia sana kupevuka, na mimba yake huchukua yapata miaka mitano. Mvuvi anayemtoa jike mmoja mjamzito hutoa kazi ya nusu karne. Ndiyo maana biashara ya kimataifa ya samaki huyo imepigwa marufuku tangu mwaka 1989.

Huko Kibera mwanafunzi mmoja alitaka kujua samaki wa Malindi anamhusu nini yeye ambaye hajawahi kuiona bahari. Nilimrudisha kwenye yale maji niliyoyataja hapo mwanzo. Mto wa lango lake na mto wa Malindi ni mmoja. Chupa ya plastiki itupwayo mtaroni, mvua ikinyesha kwa nguvu kama ilivyonyesha Aprili na Mei 2024, haina kizuizi cha kweli baina yake na bahari. Majira ya kaskazi maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea hifadhi ya Malindi, na tope huyafunika matumbawe yanayohitaji mwanga ili yaishi. Sisemi kwamba taka za Kibera zimemdhuru silikanti, wala sisemi kwamba mkosaji ni maskini. Tope jingi hutoka katika mashamba yaliyomomonyoka ya bonde zima la Athi, viwanda navyo vimeuchafua Mto Ngong kwa miaka mingi, na mtu asiyejengewa mfereji wa majitaka hawezi kulaumiwa peke yake kwa mahali majitaka yake yanapokwenda. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba serikali ikiamua, mito hupumua kidogo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kibera ni jirani wa bahari, na ana haki ya kuambiwa hivyo.

Ataambiwa kwa lugha gani? Hilo ndilo swali ninalotaka kuwaachia walimu. Katika shule zetu nyingi sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili huachiwa ngeli, methali na insha. Matokeo yake ni kwamba tunarudia tangazo la Smith. Tunapeleka habari za bahari kwa lugha ya ofisi kwa watu wanaoishi kwa lugha ya soko, kisha tunastaajabu kwamba hazizai tunda. Ilhali Kiswahili hakikosi maneno ya bahari. Kina chewa, tafi, changu, pono, kolekole na nduwaro. Kina mwamba, mkondo, kina, kusi na kaskazi. Kina matumbawe na mikoko. Watu waliokiunda waliishi na bahari hiyo karne nyingi kabla ya Smith kuzaliwa katika jangwa lake. Wala si Kiswahili tu. Kibera kuna akina mama wauza samaki ambao, kwa Dholuo, watakutofautishia ngege, mbuta na omena, na kukuambia ni nani apatikanaye msimu gani. Huo pia ni utafiti, ingawa haujaandikwa.

Pendekezo langu ni dogo. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wakae meza moja kwa muhula mmoja. Wawatume wanafunzi sokoni wakiwa na daftari, waandike jina la kila samaki waliyemwona, kwa kila lugha waliyoisikia, na jina la mtu aliyewaambia. Waufuate mto kwa miguu hadi watakapoweza kufika, waandike kinachoingia ndani yake na kinatoka wapi. Kisha waandike tangazo na kulibandika darajani, kwa Kiswahili na kwa Kinubi, Dholuo, Kiluhya na Kikamba, lieleze maji haya yanakwenda wapi na nani wanaishi huko mbele. Na chini yake yaandikwe majina ya wote walioshiriki kulitayarisha, akiwemo muuza samaki.